Kijaluba na Swali la Barazani

Haya, sogea hapa nikutegee. Nina mgeni, amelala ubavuni mwa binti mchana na usiku. Anajua mengi kuliko daktari, ila kuna moja amekatazwa kulijua mpaka aambiwe. Akiambiwa kweli, anaishika. Akiambiwa uongo, anaushika vilevile kwa mikono miwili, wala haendi kwa jirani kuuliza. Ni nani huyo?

Umesema mume? Cheka tu, wengi husema hivyo. Umesema mbwa? Mbwa hunusa, hangoji kuambiwa. Basi nipe mji. Umenipa Mwanga? Asante. Nimekwenda Mwanga, nimekula samaki wa bwawani, nimeshiba, nimerudi. Jibu lenyewe linaanzia wodini, na halichekeshi kama ulivyodhani.

*

Asubuhi hiyo Namkunda alishuka mlimani na gari la waya la kwanza, amepakata hotipoti ya makande kama mtu aliyepakata mtoto. Chini yake mashamba ya tangawizi yalipita yakiwa yamelowa ukungu. Abiria wenzake hawakumuuliza anakwenda wapi. Waliiona kamba nyeupe kwenye mkono wake wa kushoto, wakampisha akae.

Ilikuwa kamba ya usemaji. Anayeivaa ndiye mdomo wa mgonjwa pale mgonjwa anapolala, anapozimia au anapopotewa na maneno. Bila kamba hiyo mlango wa wodi haufunguki, hata ulie machozi ya damu.

Mgonjwa wake alikuwa binti yake wa pekee, Nakiete. Alikuwa na wiki ya tatu kitandani, na mimba ya wiki thelathini na nne. Kisukari alikuwa nacho tangu ana miaka sita, kile cha watoto, ambacho kongosho linagoma kabisa kutengeneza insulini. Chini ya mbavu zake kulibandikwa pampu nyembamba ya kuteleza ambayo watu waliiita kijaluba, kwa kuwa ilifanana na vile vijaluba vya ugoro vya wazee wa zamani. Ndani ya kijaluba mlikuwa na hamira hai, ikichachuka polepole kama dengelua, ila badala ya pombe ilipika insulini. Kijaluba kilionja damu, kikapima sukari, kikaimimina insulini tone kwa tone. Miaka ishirini na mitano kilikuwa kimemlinda Nakiete hivyo. Umeshamjua mgeni wetu.

Hospitali nayo ilikuwa na utaratibu wake. Ukilazwa, kijaluba chako kinalazwa pia. Mtambo wa wodi unakiamuru, chenyewe kinabaki kutii. Mtambo huo wagonjwa waliuita Matroni, kwa sababu ulikuwa na sauti ya mama mtu mzima asiyetaka mzaha.

"Shikamoo, Mama," Nakiete alisema, akijiinua kwa kiwiko.

"Marahaba. Umelalaje?"

"Kama gogo lililoangukiwa na gogo. Huyu wa tumboni anacheza mpira na figo zangu."

"Muache acheze. Nimekuletea makande."

"Makande, gramu mia tatu," Matroni akasema kutoka darini. "Yameshapimwa mlangoni. Mgonjwa ale nusu."

"Huyu naye!" Namkunda akatazama juu. "Hata sijafunua, ameshagawa."

Nakiete akacheka, na Namkunda akafurahi kumsikia akicheka. Ndipo Dakta Msofe akaingia. Daktari huyo alikuwa mama wa haraka, wa kuzungumza akiwa mlangoni na mguu mmoja nje. Siku hiyo alivuta kiti akakaa. Namkunda akaifunika hotipoti.

"Jana tumeupiga picha moyo wa mtoto," Dakta Msofe alisema. "Moyo una vyumba vinne. Wa mtoto wako, ukuta wa katikati haukujengwa, na mshipa mkubwa wa kutolea damu ni mwembamba kama uzi. Tutajaribu. Lakini sitakudanganya, Nakiete. Ni moyo mgonjwa sana."

Nakiete hakulia. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akauliza, "Umeharibiwa na nini?"

"Moyo hujengwa katika wiki nane za mwanzo. Sukari ikizidi wakati huo, ujenzi unaweza kuharibika. Kijaluba kikijua mwenye nacho yuko peke yake, huishika sukari kwa mkono mlegevu kidogo. Kikijua wako wawili, hukaza mkono. Chako kilikuwa na mkono mlegevu miezi mitatu yote ile." Daktari alisita. "Kiliuliza, Nakiete. Kumbukumbu inaonyesha. Tarehe saba, mwezi wa tatu, saa nane mchana. Kikajibiwa: peke yake."

"Si kweli. Nilikuwa nakingoja kiulize. Mimi sikukisikia."

"Sauti hakihifadhi, sheria hairuhusu. Kinahifadhi jibu tu. Ni wewe au msemaji wako." Akasimama, akawa yule wa mlangoni tena. "Na hata hivyo sina uhakika kwamba ndiyo sababu. Watoto wa wasio na kisukari nao huzaliwa hivi. Usijisulubu."

Mlango ulipofungwa Nakiete akageuka polepole, tumbo likimzuia.

"Mama," alisema. "Ni nani alijibu?"

Namkunda aliifunua tena hotipoti. Mvuke ukampanda usoni, akaushukuru.

"Kula kwanza, mwanangu," alisema. "Yatapoa."

*

Sasa utaniuliza, chombo chenye kuonja damu ya mtu kutwa kucha kinashindwaje kuijua mimba? Hakishindwi. Kimekatazwa.

Zamani vijaluba vilikuwa vikijua mimba kabla ya mwenye mimba. Binti yuko mezani na baba yake, anamega ugali, kijaluba kinatoa pongezi. Mke ametoka safari, kijaluba kinahesabu wiki mbele ya mashemeji. Nyumba zilivunjika, mabinti walifukuzwa. Wanawake wakaandamana mpaka bungeni, wameshika matumbo, wenye mimba na wasio nayo, na Sheria ya Tumbo ikapita. Tangu siku hiyo hakuna mtambo unaoruhusiwa kuchungulia tumbo la mtu. Mara moja kila miezi mitatu kijaluba kinauliza kwa sauti ya chini: uko peke yako, au mko wawili? Mwenyewe anajibu. Akiwa amelala au mgonjwa, anajibu msemaji wake. Baada ya hapo kinaziba masikio mpaka miezi mitatu ipite tena. Na kinaamini kilichoambiwa, kwa sababu sheria imekiamuru kuamini.

Ilikuwa sheria nzuri. Namkunda mwenyewe aliandamana.

Tarehe saba, mwezi wa tatu, walikuwa nyumbani kwake mlimani, wakimenya tangawizi za kuanika. Nakiete alikuwa amekuja kumsaidia mavuno. Mimba ilikuwa na wiki tano, na wenye kuijua walikuwa wawili tu. Hata mume wake, Mchome, hakuambiwa bado. Nakiete alikuwa amemnong'oneza mama yake kwa njia yao ya siku zote.

"Kitendawili, Mama."

"Tega."

"Nimekuja na mzigo, na njiani sikukutana na aliyenisaidia kuubeba."

Namkunda aliweka kisu chini. Alimtazama binti yake, akafumba macho, akasema, "Sijibu. Nimekijua, ila sijibu. Na wewe usimtegee mtu mwingine."

Maana mimba mbili zilikuwa zimeshapotea. Ya kwanza Nakiete alikiambia kijaluba, kijaluba kikaiambia zahanati kama ilivyo kazi yake, na kesho yake muuguzi wa kata akapanda mlima na kadi na kitenge cha pongezi, majirani wakapiga vigelegele njia nzima. Wiki mbili baadaye ilitoka. Ya pili, vivyo hivyo: kitenge, vigelegele, damu. Kwao mimba changa haisemwi. Inaachwa mpaka ijioneshe yenyewe kwenye nguo. Na Namkunda, alipokuwa akivifua vile vitenge viwili ambavyo havikuvaliwa, aliapa kwamba ya tatu haitapigiwa kelele.

Saa nane jua lilikuwa kali. Nakiete alijilaza barazani juu ya mkeka, vidole vikinuka tangawizi, usingizi ukamchukua. Ndipo kile kidude kikanong'ona ubavuni mwake.

"Nakiete. Uko peke yako, au mko wawili?"

Binti hakusikia. Kikauliza tena. Mara ya tatu kikasema, "Msemaji yupo?"

Namkunda aliinama mpaka akaiona pumzi ya mwanawe ikipanda na kushuka. Alikuwa mtu wa darasa la saba. Kazi ya kijaluba ya kutangaza aliijua, maana ilimpitia mlangoni mara mbili. Hii kazi nyingine, ya kukaza mkono na kulegeza mkono, hakuna aliyekuwa amemweleza, naye hakuuliza.

"Yuko peke yake," alisema.

"Nimepokea," kijaluba kikasema. "Asante, msemaji."

Akarudi kumenya tangawizi.

*

Kitanda cha jirani alilala mwanamke aitwaye Nambua. Alikuwa hana mtu. Mara ya kwanza Namkunda alidhani ni yatima.

"Hana lolote la uyatima," Sista Tumsifu, muuguzi wa zamu ya mchana, alimweleza akipanga vidonge. "Mama mkwe wake ndiye alikuwa msemaji. Mgonjwa kakataa kula, yeye kamwambia Matroni amekula sahani nzima, ili asionekane mkwe mkorofi. Matroni akamimina insulini ya sahani nzima kwenye tumbo tupu. Tulimkuta anatoka povu."

"Na mama mkwe?"

"Kamba ilifunguka yenyewe aliposema kweli. Ikishafunguka kwa uongo haifungwi tena kwa mgonjwa yule. Ndiyo taratibu, Bibi. Msemaji aliyedanganya mara moja, wodini haingii."

Nambua alikuwa akizungumza na ukuta. Namkunda aliivuta mikono ya gauni lake chini, akaifunika kamba.

Sasa elewa alichokiogopa. Hakuogopa aibu, ingawa aibu aliiona inamsubiri getini. Aliogopa kitanda kile kibaki bila mtu. Kwa maana kulikuwa na jambo moja la Nakiete ambalo Matroni hakulijua, na kijaluba hakikulijua, na hata Dakta Msofe hakulijua. Lilikuwa kichwani mwa Namkunda tu.

Nakiete alipokuwa mdogo, kabla hawajapata kijaluba, sukari yake ilishuka bila kutoa dalili. Wengine hutetemeka, hutoka jasho. Huyu alikuwa anakaa tu, anatabasamu, halafu anaanguka. Namkunda aligundua dawa yake jikoni. Mtoto yule alipenda vitendawili kuliko nyama, na alikuwa hakubali kushindwa. Utamtegea, atakaa na kitendawili mpaka jioni, atalia, lakini kumpa mtu mji, ng'o! Basi kila baada ya saa moja mama yake alimtegea. Akibisha, akikisia, akigombana, sukari nzuri. Akisema upesi, "Nakupa mji," Namkunda alikimbilia bakuli la sukari. Hakuwahi kukosea.

Siku ya tatu baada ya habari za moyo, walikuwa wamemchoma Nakiete sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Sindano hizo hupandisha sukari kama mwendawazimu, na Matroni alikuwa ameongeza insulini mara mbili. Saa tano asubuhi Nakiete alikuwa ameketi, anakunja pindo la shuka, ametulia.

"Kitendawili," Namkunda alisema, kwa mazoea tu.

"Tega."

"Anapanda mlima bila miguu, akifika kileleni analia."

Hiki Nakiete alikijua tangu ana miaka saba.

"Nakupa mji," alisema, akitabasamu.

Namkunda alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Sista! Sista Tumsifu! Sukari imeshuka!"

"Sukari tano nukta sita," Matroni akasema. "Mgonjwa yuko salama."

"Salama ya nani? Simama!" Namkunda aliibana kamba kwa kidole gumba. "Mimi msemaji nasema simama, usimimine tena!"

"Bibi, umesikia ni tano," Sista Tumsifu alisema, akija mbiombio.

"Mtoboe kidole. Kwa ile sindano ya kizamani. Mtoboe, utanicheka baadaye."

Sista akatoboa. Akaitazama namba, akarudi kuitazama. "Mbili nukta moja," alisema. "Kionjeo kimechelewa. Nguvu ya zile sindano imeisha, na dozi haijashuka. Lete glukosi!"

Nakiete alikunywa, meno yakigongana na kikombe. Baada ya robo saa aliinua kichwa, amekunja uso.

"Wingu," alisema. "Ni wingu, Mama. Kwa nini hukunipa muda?"

Namkunda aliketi sakafuni akacheka, kisha akalia. Watu wote walidhani ni furaha.

*

Mchome alikuja saa ya kuona wagonjwa, viatu vimejaa vumbi jekundu la barabara. Alikuwa fundi wa mitambo ya jua, mtu mpole wa maneno machache. Dakta Msofe alimruhusu aingie nusu saa. Namkunda akatoka kuwapisha, akakaa kwenye benchi la korido, na mlango ukabaki wazi kidogo.

"Ni mimi, mume wangu," alimsikia Nakiete akisema. "Kumbukumbu inasema kiliuliza, nami nilikuwa nimelala. Nitakuwa nilijibu usingizini. Hakuna mwingine."

"Peke yako," Mchome alisema. "Hata usingizini moyo wako ulisema uko peke yako?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema nini basi, Nakiete? Niambie niseme nini, nami nitasema."

Namkunda alisimama. Mkono wake ulishika kitasa. Kamba ilikuwa pale, nyeupe, imembana kidogo. Aliwaza: nikiingia nikasema, kamba inafunguka hapahapa. Mtoto bado yuko tumboni. Kesho kutwa wanampasua. Kondo likishatoka, sukari yake itaanguka kama jiwe, kila mtu anajua. Nani atamtegea?

Akarudi benchini. Alijiambia, akishajifungua nitasema. Mchome alipotoka alimwamkia mama mkwe wake kwa heshima, akamshika mikono yote miwili.

"Daktari amenieleza ya juzi, Mama. Kama si wewe ningezika wawili. Akizaliwa salama, nimesema, huyu ni Namkunda. Tunampa jina lako."

Namkunda akainamisha uso. Mchome akadhani ni unyenyekevu.

*

Namkunda mdogo alizaliwa kwa upasuaji siku ya Jumanne, kilo mbili na nusu, nywele nyingi, midomo ya buluu. Walimweka ndani ya sanduku la kioo, mirija kila mahali. Bibi yake aliingiza kidole kimoja kwenye tundu la pembeni, na mtoto akakishika. Alikuwa na nguvu. Hilo ndilo lililomuumiza Namkunda zaidi ya yote, kwamba mkono ule mdogo ulikuwa na nguvu kiasi kile.

Kwa Nakiete, Matroni safari hii alishusha dozi kwa wakati. Hata hivyo Namkunda hakuondoka. Vitendawili vilipita kimoja baada ya kingine kitandani pale, vya tangawizi, vya makande, vya kivuli, na Nakiete alikisia kwa uchovu, lakini alikisia.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, moyo ule wa vyumba visivyokamilika ukasimama. Mchome alimbeba mwanawe kwa dakika chache alizopewa. Alimzungusha dirishani, akamwonyesha milima. Kisha akampeleka kwao, wakamzika jioni ileile pembezoni mwa migomba, kama wanavyozikwa watoto wachanga, bila kelele.

Nakiete alibaki wodini. Jeraha lilikuwa bichi, maziwa yalikuwa yanatoka, na maziwa nayo hula sukari. Dakta Msofe alisema siku tano zaidi, na akasema hizo ndizo siku za hatari. Nakiete hakutaka kula. Hakutaka kunywa. Ijumaa asubuhi walimkuta amekibandua kijaluba ubavuni, amekiweka mezani kando ya kikombe.

"Kirudishe, mwanangu," Namkunda alisema.

"Kirudi kumlinda nani? Mdomo uliomuua mwanangu ndio huuhuu. Nikila, nalisha mdomo huo."

"Usiseme hivyo."

"Ndivyo nami nilivyomjibu Mchome. Usiseme hivyo, usiseme hivyo. Mbona hakuna anayesema vingine?"

Sista Tumsifu alikibandika upya kwa nguvu, huku Nakiete ametazama ukutani. Upande wa pili Nambua naye alitazama ukutani. Vitanda viwili, migongo miwili.

Namkunda aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu. Halafu akamshika Sista mkono, akamvuta hadi kwenye sinki la kunawia.

"Sista, wewe zamu yako ni mpaka lini?"

"Wiki nzima hii niko mchana. Kwa nini?"

"Unajua kutega?"

"Kutega nini, Bibi?"

"Nisikilize, na usicheke. Kila saa mtegee. Usimtegee vigumu, mtegee anavyovijua. Akikugombeza, mshukuru Mungu. Akinyamaza akiwaza, muache awaze. Ila akikupa mji kabla hujamaliza kuvuta pumzi, usimsikilize Matroni. Mtoboe kidole." Akamfundisha vitendawili kumi na viwili, jibu na kitendawili, kitendawili na jibu. Sista aliviandika mgongoni mwa kadi ya dawa, na palipomshinda Namkunda alirudia. "Na yule wa zamu ya usiku mwambie. Na huyu Nambua pia, mtegeeni. Hata kama kwake haipimi sukari, asikie sauti."

"Kwa nini unaniachia, Bibi? Unasafiri?"

Namkunda alinawa uso, akajifuta kwa upindo wa kanga, akarudi kitandani akaketi.

"Nakiete. Kitendawili."

Nakiete akajibu bila kugeuka: "Mimi ndiye nategea leo."

"Haya. Tega."

"Binti amelala barazani. Mgeni amebisha hodi, amejibiwa. Binti hakuamka. Nani aliyemjibu mgeni?" Sauti yake ilikuwa kavu. Akageuka, macho mekundu, na kabla mama yake hajafungua mdomo akaongeza, "Najua ni mimi niliyekutegea, na mtegaji hampi mtu mji. Lakini hiki kimenishinda mwenyewe. Nakupa mji, Mama. Chukua Same yote, chukua na milima. Nakupa mji, niambie."

Namkunda alishtuka. Upesi mno. Alimwita Sista kwa jicho, Sista akaja na sindano, akatoboa kidole. Nakiete hakuuvuta mkono. Walingoja wote watatu, mpaka namba ikatokea.

"Sita nukta moja," Sista Tumsifu alisema kwa sauti ya chini. "Sukari yake nzuri tu, Bibi."

Basi haikuwa sukari. Alikuwa ni mwanawe, ana akili zake zote, ameomba jibu.

Namkunda aliikunja mikono ya gauni, kamba ikaonekana. Aliinua uso kuelekea darini, ili Matroni naye asikie vizuri, kisha akauteremsha, akamtazama binti yake.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Ulikuwa umelala. Kiliuliza mara tatu, nami nikakijibu, yuko peke yake."